Shajara ya mradi: kuteremsha uwanja wa mnara hadi usawa wa njia ya miguu

Uwanja wenyewe una urefu wa mita 60 kando ya barabara na mita 40 kutoka njia ya miguu hadi ukuta wa mnara wa ofisi. Mnara una kimo cha mita 110. Nusu ya uwanja iliyo upande wa mnara imekaa juu ya paa la maegesho ya chini ya ardhi. Nusu ya barabarani iko juu ya udongo. Ulijengwa tambarare kabisa, ukainuliwa kwa ngazi zenye vidato vitatu pembe moja na vitano pembe nyingine, ukavikwa graniti iliyong'arishwa, na hakuna pa kukaa. Kazi ni kung'oa ngazi, kushusha uso ukutane na njia ya miguu bila kidato hata kimoja, kupanda miti na kuweka vikalio, na kufanya yote hayo huku magari yakiendelea kuingia na kutoka kule chini.

Shajara hii inafuata leveli, yaani vimo vya nyuso, kuliko kitu kingine. Michoro ya rangi ya viwanja vya namna hii huonyesha katikati: watu wanapita, watoto wanakimbia, mti umechanua. Kinachoamua kama itakuwa hivyo kiko pembeni na chini: kizingiti cha mlango, ukingo wa barabara na paa la maegesho. Hivyo vitatu havisogei, na kila kilicho kati yao kinagombania milimita.

Wiki ya 1. Leveli

Kizingiti cha mlango mkuu kimepewa thamani ya mita 10.000, na vimo vingine vyote vinapimwa kutoka hapo, nacho kiko sawa kwa urefu wote wa ukuta. Njia ya miguu haiko sawa: inashuka mm 240 kutoka pembe hadi pembe, 9.520 upande wa juu na 9.280 upande wa chini. Kwa hiyo tofauti kati ya mlango na njia ni mm 480 pembe moja, mm 600 katikati na mm 720 pembe ya pili. Gawanya kwa mita 40: mteremko unakuwa asilimia 1.2, 1.5 na 1.8.

Mradi mzima umekaa juu ya namba hizo tatu. Chini ya asilimia 1 maji hutuama kwenye mawe yenye uso wa kukwaruza. Juu ya asilimia 2 kiti cha magurudumu huanza kuvutwa pembeni na anayekiendesha husukuma kwa mkono mmoja zaidi ya mwingine. Hata ukijumlisha mteremko wa asilimia 0.4 unaofuata barabara, pembe kali kabisa inafika asilimia 1.84. Tumo ndani ya mipaka, lakini pembe hiyo haina nafasi ya uzembe: ukiweka fimbo ya mita 2 juu ya mawe, kosa la zaidi ya mm 3 kuelekea chini linatosha kuvuka asilimia 2. Hilo limeandikwa kwenye mkataba wa mafundi wa mawe kama kipimo cha kukubali au kukataa kazi.

Kulikuwa na hofu kwamba uso unaoteremka kwa viwango tofauti utafanya mawe makubwa yacheze kwenye kona. Hesabu inasema sivyo. Kwa msokoto huu, kona ya jiwe la mm 600 kwa 600 inatoka kwenye usawa kwa chini ya mm 0.04. Jiwe lenyewe halikatwi kwa usahihi huo.

Mteja aliuliza kama ngazi zingeweza kubaki na rampu ikaongezwa kando. Inawezekana. Rampu ya 1:12 kwa mm 720 inachukua mita 8.64, na ukiongeza majukwaa ya mita 1.5 kila mwisho inafika mita 11.64. Lakini anayehitaji rampu atakuwa anapelekwa pembeni kila siku wakati wengine wanapita katikati, na uwanja utabaki juu ya macho ya mtaa. New York ililipia somo hilo. Sheria yake ya mipango ya 1961 iliwapa wajenzi, katika maeneo yenye msongamano mkubwa kabisa, futi 10 za mraba za ghorofa za ziada kwa kila futi 1 ya mraba ya uwanja. Viwanja vikajengwa vingi, na vingi vikabaki vitupu. William H. Whyte, mtafiti wa maisha ya mijini, alivipiga picha za sinema na kuhesabu watu katika miaka ya 1970, na alichokiona ni cha kawaida kabisa: watu hukaa penye pa kukaa, na uwanja usioonekana kutoka mtaani hauingiwi. Mwaka 1975 jiji likarekebisha sheria na kudai vikalio na miti.

Wiki ya 2. Hesabu ya juu ya paa

Kwa michoro ya zamani, uso wa paa la maegesho uko 9.345. Paa linaishia mita 20 kutoka ukutani, na pale uso mpya wa uwanja utakuwa 9.760 pembe ya juu, 9.700 katikati na 9.640 pembe ya chini. Pembe ya chini basi ina mm 295 za kufanyia kazi. Zinazotakiwa kuingia humo: zege la mteremko, mm 40 kwa uchache; matundu ya maji yako kila mita 10, kwa hiyo maji husafiri mita 5 kwa asilimia 1.5, na hiyo inaongeza mm 75. Utando wa kuzuia maji mm 5. Karatasi ya kinga pamoja na tabaka la kupitishia maji mm 20. Kitanda cha kokoto laini mm 30. Jiwe mm 80. Jumla mm 250. Zimebaki 45, na bado hatujaliona paa lenyewe.

Mlangoni mambo ni kinyume: kina ni mm 655. Wajenzi wa awali walijaza pale vifusi vizito. Tutaweka matofali ya povu gumu, yenye uzito wa takribani kilo 25 kwa mita ya ujazo, dhidi ya tani 2 hivi za vifusi. Uzito unaookolewa ndio utakaobeba vitanda vya mimea. Mhandisi ametoa sharti moja: hakuna mahali pa paa patakapobeba zaidi ya palivyobeba jana. Udongo wa mm 650 uliolowa, kwa tani 1.9 kwa mita ya ujazo, ni tani 1.24 kwa mita ya mraba. Vifusi vya mm 655 vilikuwa tani 1.31. Inatosha kwa vichaka na nyasi ndefu. Kwa miti haitoshi, kwa hiyo miti yote imehamia upande wa barabarani.

Wiki ya 4. Kubomoa

Bao za graniti za mm 40 zimetoka kwa urahisi wa kutia shaka. Kila moja ilikuwa imekalia madonge matano ya saruji, manne kwenye kona na moja katikati, na kati ya donge na donge ni hewa. Njia hii huharakisha kusawazisha, lakini jiwe linabaki daraja: gari la kufanyia usafi likipita, jiwe linavunjika kati ya madonge, na maji yanayoingia kwenye mianya hayana pa kwenda. Theluthi ya bao zilikuwa na nyufa. Zilizo nzima zitagongwa uso uwe wa kukwaruza kisha zivike kuta za vitanda.

Kipimo cha utelezi kwa mashine ya bembea, jiwe likiwa limelowa, kimetoa 18 hadi 22. Chini ya 25 ni hatari kubwa. 36 kwenda juu ndiyo salama. Kung'arisha graniti ya nje kunapendeza kwenye picha ya siku ya ufunguzi tu.

Upande wa barabarani tumechimba takribani mita za ujazo 900, bila kuhesabu mtaro wa miti. Kwenye mstari wa nguzo fupi za kuzuia magari tulichimba mashimo ya majaribio kwa mkono, na tukakuta nyaya za umeme mm 350 chini ya njia ya miguu, zisizokuwa kwenye mchoro wowote. Nguzo za msingi wa kina kirefu zimefutwa. Badala yake ni aina ya msingi mfupi: fremu ya chuma iliyofumwa pamoja na nondo ndani ya zege la mm 200, ikikamata nguzo kadhaa kwa pamoja ili uzito ugawane kishindo. Jiwe 80, kitanda 30, zege 200: tumefika mm 310 na nyaya ziko salama kwa mm 40.

Wiki ya 5. Paa limefunuliwa

Lina nundu ya mm 38, na iko pembe ya chini, palepale tulipokuwa na mm 45 za akiba. Zimebaki 7.

Njia zilizojadiliwa zilikuwa tatu. Kuparua nundu: mhandisi amekataa, kwa sababu nondo za juu ziko mm 30 tu chini ya uso. Kupunguza mteremko wa zege hadi asilimia 1: inaokoa mm 25, lakini maji yaliyo chini ya mawe yatasafiri polepole, na utando unaokaa umelowa huzeeka mapema kwenye maungio yake. Ya tatu, iliyochaguliwa, ni jiwe la mm 60 kwa eneo lote lililo juu ya paa, kwa kuwa gari la zimamoto halipiti huko. Akiba inapanda hadi mm 27.

Tahadhari kwa atakayeiga: tofauti ya mm 20 kati ya jiwe la 80 na la 60 isizibwe kwa kunenepesha kitanda. Kitanda cha mm 50 hushuka kwa magurudumu na kwa miguu, na mstari wa kuungana utaonekana ndani ya mwaka. Kinachoinuliwa ni tabaka la chini yake. Kitanda kinabaki mm 30 kila mahali.

Wiki ya 6. Maji ya mvua

Eneo ni hekta 0.24. Kwa mvua ya mm 100 kwa saa na kizidishi cha 0.9 kwa uso mgumu: 0.9 × 100 × 0.24 ÷ 360 = mita za ujazo 0.06 kwa sekunde, yaani lita 60. Bomba la kutokea lililopo ni la mm 225, kwa mteremko wa asilimia 1, na likijaa hupitisha lita 45 hivi. La mm 300 lingepitisha karibu lita 97, lakini kulibadilisha ni kupasua barabara. Ziada ni lita 15 kwa sekunde. Mvua ya nguvu hiyo ikidumu dakika 15, tunahitaji pa kuhifadhi mita za ujazo 13.5, na mahali hapo pamepatikana kwenye mtaro wa miti.

Mifereji yenye wavu ni mitatu. Mmoja uko kwenye mguu wa ukuta mbele ya vizingiti, kwa sababu mvua ya upepo ikipiga uso wa mnara huteremka yote na kumwagika chini kama pazia, kiasi kisichohusiana na eneo la uwanja. Wa pili uko mita 20, juu ya ukingo wa paa. Wa tatu uko ndani kidogo ya mpaka wa njia ya miguu, ili maji ya uwanja yasikatize mbele ya wapitanjia. Matundu ya wavu hayazidi mm 13, na nafasi ndefu zinalala kukatisha mwendo wa watu. Zikilala sambamba na mwendo, gurudumu jembamba la mbele la kiti huingia na kukwama.

Anayetaka kuona hesabu hii ikifanywa kwa macho tu atazame uwanja wa Piazza del Campo kule Siena, Italia: uso wa matofali uliogawanywa vipande tisa, vyote vikiinamia tundu moja la maji upande wa chini. Ni mkali mno kwa sheria za leo za viti vya magurudumu, lakini hakuna anayeshangaa maji yanakwenda wapi.

Wiki ya 7. Mvua siku nyingi. Utando hauwekwi juu ya zege lenye unyevu, unatoa malengelenge. Mafundi wamehamishiwa kwenye kuchonga bao za zamani.

Wiki ya 9. Kujaza maji juu ya utando

Paa limegawanywa vyumba 12 vya mita 10 kwa 10 kwa mifuko ya mchanga. Matundu yamezibwa na maji yakajazwa hadi mm 50 pale palipo juu, kwa hiyo karibu na tundu kina kinafika mm 125. Mhandisi aliruhusu vyumba vinne kwa wakati mmoja. Kila chumba kinaachwa saa 48.

Usipime kushuka kwa maji peke yake. Weka bakuli la maji kando, kwenye jua lilelile na upepo uleule, na upime vyote viwili. Chumba kimoja kilishuka mm 11 na bakuli lake mm 4. Zile mm 7 zimekwenda kwenye maegesho. Katikati ya utando ni nadra kuvuja. Tatizo huwa pale kitu kinapotoboa. Hapa lilikuwa bomba la nyaya za taa za zamani, lililokatwa usawa wa zege na kuzibwa kwa lami. Limetolewa, tundu likajazwa zege lisilonywea, kiraka kikapanda mm 150 kila upande, na chumba kikajazwa maji upya. Mara ya pili bakuli na chumba vilishuka sawa.

Wiki ya 11. Miti

Mchoro wa awali ulikuwa na miti 12, kila mmoja kwenye shimo la mita 1.5 kwa 1.5, kina mita 1. Hiyo ni mita za ujazo 2.25 za udongo kwa mti. Mti wa kivuli unaotarajiwa kukua kweli unahitaji kama mita za ujazo 28. Wa shimo dogo hukua miaka michache, mizizi ikafika ukutani, ukadumaa. Au mizizi hupanda kwenye kitanda cha mawe, kwenye hewa na maji, ikanyanyua uso wote.

Tumepunguza miti hadi sita, na yote inagawana mtaro mmoja wa mita 42 kwa 4 kwa 1: mita za ujazo 168, sawasawa na 28 kwa kila mti. Ndani ya mtaro kuna fremu za plastiki ngumu zinazobeba mawe na watu juu yake, na udongo unakaa ndani ya fremu bila kushindiliwa. Njia mbadala ni kuchanganya mawe yaliyopondwa na udongo, kama walivyofanya watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell katika miaka ya 1990. Ni rahisi kutengeneza, lakini mawe huchukua takribani asilimia 80 ya mchanganyiko, kwa hiyo ujazo uleule una udongo kidogo sana. Mtaro wetu haukuwa na pa kupanukia.

Udongo ukishika asilimia 20 tu ya ujazo wake kama nafasi ya maji, ni mita za ujazo 33.6. Zile 13.5 za ziada ya mvua zinaingia na nafasi inabaki. Bomba lenye matundu chini ya mtaro lina valvu ndogo ya kutoa maji taratibu. Bila hiyo mizizi ingezama.

Kupanda: shimo lisiwe na kina zaidi ya donge la mizizi. Pale shina linapoanza kutanuka kuelekea mizizi paonekane juu ya udongo. Miche miwili ilikuja kutoka kitaluni ikiwa imefukiwa sentimita 8 juu ya mahali hapo, na ndani kulikuwa na mzizi ulioanza kuzunguka shina. Mzizi wa namna hiyo hulinyonga shina likinenepa. Mizizi hiyo imekatwa kabla ya kupanda.

Wiki ya 12 hadi 15. Mawe

Tabaka la msingi la mm 200 limeshindiliwa kwa awamu mbili za mm 100. Mashine ndogo haifiki chini ya mm 200 kwa mara moja, hata ikipita mara ishirini.

Kitanda ndicho kilichochukua mabishano. Msambazaji alileta mchanga laini wa kupigia lipu. Mchanga wenye vumbi jingi hugeuka uji ukilowa na kukanyagwa na gari, halafu uji hupanda kwenye mishono na jiwe likazama. Kipimo cha haraka cha kwenye eneo la kazi: jaza chupa nusu mchanga na nusu maji, tikisa, iache itulie. Tabaka la matope likikaa nene juu ya mchanga, rudisha lori. Lililokuja badala yake lilikuwa kokoto laini zenye kona, na chupa ilibaki na utepe mwembamba tu wa vumbi.

Njia ya zimamoto ina upana wa mita 4 upande wa barabarani na mawe yake ya mm 80 yamepangwa zigizaga. Mistari mirefu iliyonyooka hufunguka gari linapopiga breki, zigizaga hukabana. Mshono ni mm 3, mchanga mkavu ukafagiliwa ndani, ukashindiliwa, ukafagiliwa tena. Karibu na ukingo ambao haujafungwa hatushindilii ndani ya mita 1, la sivyo safu ya mwisho hukimbia.

Sasa ule mstari wa mita 20. Paa la maegesho halishuki; udongo wa pembeni yake hushuka, hata ukishindiliwa vizuri. Uwanja wa zamani ulikuwa na ufa wa urefu wote wa mita 60, na upande wa udongo ulikuwa umezama hadi mm 18, kiasi cha kumkwaa mtu. Tumemwaga ulimi wa zege lenye nondo, upana wa mita 2. Mwisho mmoja umekalia bega la ukuta wa maegesho kwa pini, mwingine unaelea juu ya tabaka la msingi. Udongo ukishuka mm 10, ulimi unainama kidogo kwa mita 2 nzima badala ya kuacha kidato. Mshono wa mawe juu ya pini umejazwa mpira, na mfereji wa pili umewekwa upande wa paa, si juu ya ulimi. Mfereji ukikatizwa na mshono unaocheza hupasuka mwaka wa kwanza.

Wiki ya 17. Pa kukaa

New York ilidai futi 1 ya urefu wa kikalio kwa kila futi 30 za mraba za uwanja. Kwa mita za mraba 2,400 hiyo ni mita 262. Watu husikia namba hii wakadhani ni nyingi mno. Haihitaji mabenchi tu. Kuta za vitanda vinne vya mimea vya mita 12 kwa 3 zinatoa mita 120, kwa kuwa zimejengwa kwa kimo cha mm 450. Benchi la mita 36 kando ya miti, la pande mbili, linatoa 72. Mabenchi 18 ya mita 1.8 yenye migongo, 32. Viti 80 vya kuhamishika, nusu mita kila kimoja, 40. Jumla 264.

Benchi la pande mbili lina upana wa mm 900. Likiwa mm 500, watu wa upande mmoja hugusana migongo na wa upande wa pili, na kwa kawaida upande mmoja hubaki mtupu. Mabenchi yenye migongo yana mikono pia, si kwa urembo: mzee huinuka kwa kusukuma mikono. Kando ya kila kundi pameachwa mm 900 kwa 1,300 za jiwe tupu ili kiti cha magurudumu kikae pamoja na wengine, si mbele yao njiani.

Viti vya kuhamishika vilipingwa kwa hofu ya wizi. Bryant Park, New York, iliyofunguliwa upya mwaka 1992, imejaa viti vya namna hiyo na ina watu kuliko sehemu nyingi za jiji lile. Mtu husogeza kiti sentimita chache kabla ya kukaa hata pasipo sababu ya jua wala kivuli. Anachukua mamlaka ya mahali pake.

Wiki ya 18. Upepo

Mnara wa mita 110 hukamata upepo wa juu na kuuteremsha usoni mwake hadi chini, kisha upepo unakimbia kwenye pembe. Vipimo vya kimo cha mita 1.5 vimeonyesha hivyohivyo: katikati ya ukuta pana vuta nikuvute, pembe mbili ni kali. Mwongozo wa upepo wa City of London, eneo la biashara katikati ya London, wa 2019 una kikomo cha mita 2.5 kwa sekunde kwa mahali pa kukaa kila mara, 4 kwa kukaa mara chache, 6 kwa kusimama na 8 kwa kutembea, kasi isiyozidiwa kwa zaidi ya asilimia 5 ya muda. Pembe ya chini ilipita 6. Mabenchi sita yaliyokuwa yakae pale yamehamia nyuma ya vitanda, na pembe imebaki njia ya kupita. Juu ya mlango paa dogo la chuma la kina cha mita 4 linakata upepo unaoshuka kabla haujafika vichwani. Kutegemea miti kwa kazi hii ni kujidanganya. Inayopukutisha majani huacha ulinzi wake chini wakati pepo ni kali.

Wiki ya 19. Taa na alama za miguuni

Nguzo za taa za mita 4.5, mwanga wa kelvini 3,000 (kipimo cha rangi ya mwanga), wastani wa lux 12 (kipimo cha mwanga unaofika sakafuni). Mteja alitaka zaidi. Tatizo la usiku mara nyingi si uchache wa mwanga, ni tofauti: ukimwagia katikati lux 60, jicho linazoea na pembeni panageuka giza. Taa za kuzikwa sakafuni zimeondolewa zote isipokuwa chini ya miti miwili, na hizo zina kokoto mm 300 chini yake za kunywea maji.

Vigae vya alama za wasioona ni aina mbili, vya nukta za kuonya na vya mistari ya kuongoza. Mfumo huu ulibuniwa Japani na Seiichi Miyake na kutandazwa mara ya kwanza Okayama mwaka 1967. Kosa la kawaida ni kuvichagua vya rangi ya jiwe ili "visiharibu muundo". Wengi wanaovitumia wanaona kidogo na wanafuata rangi. Vyetu ni vya njano kwenye jiwe la kijivu. Nukta zimewekwa pale uwanja unapokutana na kivuko tu. Uwanja hauna ngazi tena, kwa hiyo hakuna kingine cha kuonya.

Nguzo za kuzuia magari zina nafasi ya mita 1.2 kati yake. Gari halipiti, kiti cha magurudumu kinapita.

Wiki ya 20. Kukabidhi

Tumemwaga maji kwa mpira kuanzia mlangoni na kutia chaki kila dimbwi lililobaki baada ya dakika 20. Yamepatikana matano, yote chini ya mm 4 isipokuwa moja karibu na kitanda cha tatu cha mimea, mm 9. Mawe ya hapo yameinuliwa na kitanda cha kokoto kusawazishwa. Mashine ya bembea imesoma 48 hadi 55 kwa jiwe lililolowa. Fimbo ya mita 2 kwenye pembe ya chini imepita kila mahali isipokuwa safu mbili kando ya mfereji, zimerudiwa.

Yaliyobaki ni mchanga wa mishono, utakaoongezwa baada ya miezi mitatu kwa kuwa mvua za kwanza huushusha. Vikapu vya takataka ndani ya mifereji, vinavyotakiwa kumwagwa kila wiki majani yanapoanguka. Na umwagiliaji wa miti kwa misimu miwili. Kwenye mstari wa mita 20 zimezikwa pini 13 za shaba, moja kila mita 5, na leveli zake zimeandikwa. Zitasomwa tena kila miezi sita. Pini yoyote ikionyesha udongo umeshuka zaidi ya mm 5, mawe ya juu ya ulimi yanainuliwa, kitanda kinarudishwa mm 30, na mawe yaleyale yanarudi mahali pake.